Mpokeaji hahukumiwi kwa yadi za Jumamosi moja

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nichangie ubishi ambao Waswahili tulioko Marekani tumeubeba kutoka vijiwe vya soka tukauhamishia kwenye futiboli ya Kimarekani ya vyuo. Yule mpokeaji, mchezaji wa kudaka pasi, ambaye Jumamosi hii anadaka kila kitu na Jumamosi ijayo hata jina lake halitajwi, ni kipaji au ni kelele? Kila msimu kuna mmoja. Kuna wanaosema ni dhahabu ambayo kocha hajui kuichimba, na kuna wanaosema ni mvivu aliyelewa sifa. Kwa maoni yangu wote wanasoma karatasi moja tu, ya yadi, yaani umbali ambao timu inasogea kwa mipira anayodaka, na karatasi hiyo ndiyo yenye machache ya kusema kuhusu mchezaji mwenyewe.

Kwa msomaji ambaye hajauzoea mchezo huu: winga wa soka akikosa mpira anaweza kurudi nyuma akaufuata mwenyewe. Mpokeaji hana ruhusa hiyo. Anakimbia njia aliyoandikiwa, anafika mahali fulani kwa idadi fulani ya hatua, basi. Ili apate yadi hata moja ni lazima watu watano wa mstari wa mbele wamlinde kwotabeki, yule mrusha pasi, kwa sekunde mbili na nusu au tatu, kwotabeki amwone yeye na si mwenzake, na pasi ifike inapotakiwa. Mmoja kati ya hao akiharibu, mpokeaji aliyemwacha beki wake yadi tatu nyuma anaandikiwa sifuri.

Hapo inaingia hesabu ambayo mashabiki wengi hawaipigi. Chukua mpokeaji anayerushiwa mipira 6 kwa mechi, ambaye uwezo wake wa kweli ni kudaka 6 katika kila 10. Usibadilishe kitu chochote: afya ile ile, bidii ile ile, kwotabeki yule yule. Kwa bahati tupu, karibu asilimia 18 ya mechi zake atadaka mipira 2 au pungufu, na karibu asilimia 23 atadaka 5 au yote 6. Msimu wa kawaida wa chuo una mechi 12. Kwa hiyo mchezaji huyu ambaye hajapanda wala kushuka atakuwa na Jumamosi mbili za kuzomewa na Jumamosi karibu tatu za kuimbwa. Ongeza mpira mmoja mrefu wa yadi 60 kwenye mojawapo ya zile tatu, na mjini watasema amezaliwa upya.

Mfano ninaoupenda, kwa sababu una kila kitu ndani yake, ni Kayshon Boutte wa LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana kule Baton Rouge. Tarehe 19 Desemba 2020, akiwa mwaka wake wa kwanza, alidaka mipira 14 dhidi ya Ole Miss, chuo kikuu cha Mississippi, kwa yadi 308 na tachidauni 3, yaani mara tatu aliufikisha mpira kwenye ukanda wa mwisho wa uwanja. LSU walishinda 53 kwa 48. Yadi hizo 308 zilivunja rekodi ya mechi moja ya SEC, ligi ya vyuo vya kusini-mashariki, iliyokuwa ikishikiliwa na Josh Reed, naye wa LSU, tangu 2001 kwa yadi 293. Siku ile hakukuwa na ubishi kijiweni.

Sasa itazame karatasi nzima. Msimu wote wa 2020 Boutte alimaliza na mipira 45 na yadi 735. Mechi moja peke yake ilibeba asilimia 42 ya yadi hizo, na zilizosalia zikagawana 427. Mtu angeweza kusema papo hapo kwamba huyu ni mchezaji wa mechi moja, lakini angekuwa ameruka mambo matatu. LSU walitumia makwotabeki watatu msimu ule: Myles Brennan aliyeumia, TJ Finley, kisha Max Johnson. Pili, Terrace Marshall Jr., mpokeaji aliyekuwa akirushiwa kuliko wote, aliamua kuacha kucheza kabla msimu haujaisha, na mipira yake ikahitaji mwenyewe mpya. Na tatu, ulinzi wa Ole Miss mwaka ule ulivuja kama chekecheke. Rekodi ni ya Boutte na hakuna wa kumnyang'anya, ila aliyetumia siku ile kama kipimo cha mechi zote zijazo alijiandalia huzuni yake mwenyewe.

Mwaka 2021 alianza kwa kasi iliyoziba midomo: mechi 6, mipira 38, yadi 508, tachidauni 9. Kisha tarehe 9 Oktoba, hapa hapa Lexington dhidi ya Kentucky, akaumia kifundo cha mguu na msimu ukaishia hapo. Alirudi 2022 chini ya kocha mpya, Brian Kelly, na kwotabeki mpya, Jayden Daniels. Mechi ya kwanza dhidi ya Florida State: mipira 2, yadi 20. Msimu mzima: mipira 48, yadi 538, tachidauni 2. Wastani wa kila mpira aliodaka ulitoka yadi 16.3 mwaka 2020, ukaja 13.4, ukashuka hadi 11.2. Hapo ndipo watu waligawanyika kabisa.

Wanaomtetea husema ni kwotabeki: Daniels mwaka ule alikuwa mwepesi wa kukimbia na mpira mwenyewe, na njia za mpokeaji zilikatwa katikati. Ni kweli, lakini kweli hiyo ina tundu. Kwa kwotabeki yule yule, kocha yule yule na kitabu kile kile cha mbinu, Malik Nabers alidaka mipira 72 kwa yadi 1,017. Kwa hiyo sababu ya kwotabeki inaeleza sehemu tu ya kushuka kwa Boutte. Wanaomponda nao husema uvivu, wakasahau kwamba mchezo wa mpokeaji unaishi kwenye kifundo cha mguu kuliko kwenye paja.

Hili la kifundo nataka nilikalie kidogo. Tazama njia moja ya kawaida, ile ya kukimbia mbele yadi 12, kusimama ghafla na kurudi hadi yadi 10 kuupokea mpira. Kwa nje inaonekana kama kukimbia na kusimama, lakini kazi yote iko kwenye hatua mbili au tatu za mwisho. Mpokeaji hushusha nyonga huku kifua kikibaki juu ya magoti na mikono ikiendelea kupiga kama ya mtu anayekimbia, ili beki asisome. Kisha anachomeka mguu mmoja ardhini, na uzito wote unaangukia kifundo hicho. Mwenye kifundo kizima hutumia hatua tatu. Asiyekiamini kifundo chake hutumia tano: anaanza kufunga breki mapema, kifua kinainuka, mikono inalegea, na beki anaiona ishara hiyo kama taa ya lori. Hatua mbili za ziada zinampa beki nafasi yote aliyokuwa ameipoteza. Mpira ukifika, beki yuko begani. Karatasi itaandika pasi haikudakwa, na shabiki aliyeko sebuleni atasema hajitumi.

Katika majaribio ya wanaotaka kuingia NFL, ligi ya kulipwa, mwaka 2023 Boutte alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.50, lakini aliruka juu inchi 29 tu, kama sentimita 74, kiwango cha chini kwa mpokeaji. Kasi ya kwenda mbele ilikuwapo. Mlipuko wa miguu ndio uliotia shaka. New England Patriots, timu ya NFL, walimchukua raundi ya sita ya uteuzi wa wachezaji wapya, chaguo la 187.

Sasa nije kwenye kudondosha, maana ndipo matusi mengi yanapomiminwa. Takwimu rasmi za vyuo hazihesabu mipira iliyodondoshwa. Zinahesabiwa na kampuni binafsi, na kila kampuni ina jicho lake. Kwa hiyo wawili wanapobishana kwamba fulani amedondosha 7 au 10, huenda wote wako sahihi kwa vitabu viwili tofauti. Isitoshe, kudondosha si ugonjwa mmoja.

Unaoonekana zaidi ni wa macho. Mpira mfupi umefika mikononi, mbele kuna uwanja mtupu, na mchezaji anageuza kichwa kutafuta pa kukimbilia kabla hajauingiza mpira kwapani. Viganja vinafunga kwa kuchelewa kidogo sana, mpira umeshachomoka. Ugonjwa huu huwapata hata walio bora na hutibika: kocha huandika namba kwenye mpira, na mpokeaji ni lazima aitaje kabla hajapiga hatua, au hurushiwa mipira ya tenisi adake kwa mkono mmoja hadi macho yazoee kufuata kitu kidogo hadi mwisho wake.

Mwingine ni wa kudaka kwa kifua. Viwiko havijanyooshwa, mpira unagonga pedi za kifua na kuruka. Kanuni ni ya mtoto wa darasa la kwanza: mpira ulio juu ya kitovu, vidole gumba na vya shahada vikutane mbele vitengeneze umbo la almasi; mpira wa chini, vidole vidogo ndivyo vikutane na viganja vitazame juu. Pabaya pako katikati, usawa wa tumbo, ambapo mchezaji ni lazima aamue ndani ya sehemu ndogo ya sekunde ageuze mikono au asigeuze. Ukiona mpokeaji anadondosha mara nyingi usawa wa tumbo, usimtukane. Huenda kwotabeki wake anarusha chini kidogo kila wakati.

Kuna mpira mrefu unaoshukia juu ya bega. Kosa la wengi hapo ni kuinua mikono mapema. Jaribu kukimbia kwa kasi yako yote mikono ikiwa mbele, utaona unavyopungua. Mpokeaji mzuri huendelea kupiga mikono hadi mpira uko karibu kumfikia, ndipo anainua, na beki anayemtazama usoni hapati onyo. Mwisho kuna woga wa kugongwa katikati ya uwanja. Huo una tiba ndogo, na mimi nikiuona kwa mchezaji wa mwaka wa tatu huwa naacha kumtetea.

Mashine ya kurushia mipira, ile yenye magurudumu mawili yanayozunguka, inasaidia mikono lakini haifundishi macho. Mipira mia kila jioni baada ya mazoezi ni vizuri, ila mashine inarusha mpira ule ule mahali pale pale, na haina bega wala kiwiko cha kusomwa. Kuna pia jambo ambalo mashabiki hawalitaji kabisa: kwotabeki anayetumia mkono wa kushoto. Mpira wake unazunguka kinyume, na ukianza kushuka unaelemea upande mwingine kidogo. Max Johnson ni wa mkono wa kushoto, Jayden Daniels ni wa kulia. Mpokeaji aliyezoea mmoja anahitaji wiki kadhaa za mazoezi kumzoea mwingine, hasa kwenye mipira mirefu.

Na mpira wenyewe hubadilika. Mpira wa vyuo una mistari myeupe karibu na ncha, wa NFL hauna. Agosti 2021, Ja'Marr Chase, naye mtoto wa LSU, aliyechaguliwa wa 5 na Cincinnati Bengals, alikuwa anadondosha mipira kwenye mechi za maandalizi na akasema wazi kwamba kukosekana kwa mistari ile kunampa taabu kuufuata mpira kwa macho. Watu walimcheka. Alikuwa hajacheza mwaka mzima, kwa sababu msimu wa 2020 hakucheza chuoni. Aliumaliza msimu wake wa kwanza na yadi 1,455 na tuzo ya mshambuliaji bora chipukizi. Kabla ya hapo, huyo huyo Chase alikuwa na yadi 313 tu mwaka 2018, kisha 1,780 na tachidauni 20 mwaka 2019, kwotabeki akiwa Joe Burrow miaka yote miwili. Kilichobadilika pale ni mfumo wa pasi ulioletwa na kocha Joe Brady, pamoja na mwaka mmoja wa kukomaa.

Hivyo basi, anayetaka kujua kama mpokeaji wake ana kesho, amtazame wakati mpira hauji kwake. Televisheni haitamsaidia sana kwa sababu kamera humfuata kwotabeki, na mpokeaji hutoka nje ya picha mapema. Kaa jukwaa la juu, ikiwezekana nyuma ya goli, au subiri marudio yanayopigwa kutoka huko. Chukua karatasi, mfuate mtu mmoja kwa njia 30 hivi.

Andika kwanza anavyotoka kwenye mstari wa kuanzia mchezo beki akimbana. Je, mikono ya beki inamgusa kifuani, au anaipangusa na kupita? Akishapita, je, anarudi kwenye mstari wake na kumweka beki mgongoni, au anasukumwa kuelekea nje? Hili la mwisho lina kipimo. Kwenye njia ya moja kwa moja mpokeaji anatakiwa abaki kama yadi 5 kutoka mstari wa pembeni, ili kwotabeki awe na mahali pa kuudondoshea mpira. Akisukumwa hadi yadi 2, hata rushio la ajabu litatoka nje. Wengi wanaolaumu kwotabeki kwa mipira mirefu iliyotoka nje wangelaumu hatua ya tatu ya mpokeaji.

Kisha hesabu hatua zake za kusimama, kama nilivyoeleza. Kisha angalia umbali kati yake na beki pale njia inapokwisha: urefu wa mkono mmoja unatosha. Mwisho andika upande aliosimama, na hapa vyuo vina ajabu yao. Uwanja una upana wa futi 160, na alama za ndani ambako mpira huanzishwa ziko futi 60 kutoka kila pembeni. Mpira ukianzia alama ya kushoto, upande wa kulia una futi 100, kama mita 30. Mifumo mingi ya haraka ya vyuo humweka mpokeaji upande mmoja mechi nzima ili timu isipoteze muda kubadilishana. Kama kwotabeki ana mkono wa wastani, mpokeaji aliyekwama upande mpana hatarushiwa zile njia za kutoka nje, kwa kuwa mpira unakaa hewani muda mrefu mno na beki anaufikia. Anaitwa asiyeonekana, kumbe amewekwa mbali.

Kuhusu kuhama chuo, ambako siku hizi ndiko jibu la kila shabiki, nitasema kidogo. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama bila kukaa nje mwaka mmoja, na mlango umepanuka zaidi tangu hapo. Kabla ya kushangilia usajili, tazama nani anarusha kule anakokwenda na mipira mingapi imeachwa na waliomaliza. Na wasiohama nao wapo: Xavier Legette alikaa South Carolina misimu minne bila kufikisha hata yadi 500 kwa jumla, wa tano akapata 1,255 na Carolina Panthers wakamchukua raundi ya kwanza mwaka 2024, chaguo la 32.

Nirudi kwa Boutte mara moja. Mechi yake ya kwanza NFL, Septemba 2023 dhidi ya Philadelphia Eagles, dauni ya nne, yaani jaribio la mwisho la kusogeza mpira, sekunde chache zimebaki, Patriots wako nyuma 25 kwa 20. Anaudaka mpira pembeni, mguu mmoja ndani, wa pili nje. Chuoni ule ungekuwa mpira halali, kwa sababu sheria ya vyuo inataka mguu mmoja tu. NFL inataka miwili. Mechi ikaishia pale. Hakuwa mzembe, alikuwa na mguu uliofundishwa sheria nyingine kwa miaka mitatu, na kuubadilisha ni kazi ya kuburuta vidole vya mguu wa nyuma kwenye nyasi mara mamia hadi mwili ujue wenyewe. Msimu uliofuata, 2024, alidaka mipira 43 kwa yadi 589. Si nyota wa yadi 308, wala si yule aliyeandikwa kwamba kwisha habari yake.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Pale unapochapisha takwimu za wapokeaji hawa, usituletee mipira iliyodakwa, yadi na tachidauni peke yake. Nafasi ikiruhusu, ongeza safu mbili: mara ngapi alirushiwa, na mara ngapi alikimbia njia. Na kama kwotabeki alibadilika katikati ya msimu, weka nyota ndogo kwenye mechi hiyo.

Wako msomaji,
Lexington, Kentucky